Kufuata maji siyo kukubali yote

Mu Lubumbashi, jina la Mchina linatuletea akilini vitu vya kushikika: lori ya mchanga, simu ya bei nafuu, duka la ndala, kampuni ya Sicomines iliyozaliwa mwaka 2008 kule Kolwezi na mapatano yake ya madini kwa barabara. Hekima ya Wachina, ni wachache kati yetu walioisikia. Na haki isemwe: wao pia hekima ya bankambo wetu hawaijui. Tunakutana nao kwenye mzani wa madini, na kwenye mzani watu hawaulizane wazee wao walifikiri nini.

Katika kitabu hiki cha desturi zetu, sisi wana wa Mitwaba tunaokaa mjini, tumeamua kuandika juu ya mzee mmoja wa China anayeitwa Laozi. Msomaji atauliza: Laozi na Mitwaba, kuna undugu gani? Undugu haupo. Kuko swali moja tu, ambalo yeye alilifikiri sana na ambalo sisi linatufuata kila siku. Mabadiliko yakikuingilia nyumbani bila kupiga hodi, unafanya nini? Unapigana nayo, ao unayafuata?

Inasimuliwa kama Laozi alikuwa mtunza maandiko mu nyumba ya mfalme, sasa yapata miaka 2,500. Alipoona nchi inaharibika akafunga mizigo, akashika njia ya magharibi. Kufika mpakani, mlinzi wa bariere akamwomba: mzee, usipite bila kutuachia kitu. Basi akaandika kitabu kidogo, herufi kama 5,000 za Kichina, sehemu 81, kinachoitwa Daodejing, akapita, hakuonekana tena. Wataalamu wanabishana hata leo kama mzee huyo aliishi kweli, ama kama kitabu kiliandikwa na mikono mingi. Hatuwezi kuwaamua. Tunaongeza neno moja tu: bariere ziko nyingi kati ya Lubumbashi na Mitwaba, na hatujakutana bado na ile ambayo walinzi wake waliomba hekima.

Dao maana yake ni njia. Njia hii haikuchorwa na mtu. Ni namna vitu vyote vinavyokwenda vyenyewe, mvua kwa wakati wake, jua kwa wakati wake, mtoto kukua na mzee kupungua. Anayeishi vizuri, kwa mafundisho haya, ni yule anayetenda bila kulazimisha. Wachina wanasema wu wei. Wengine wamefasiri neno hilo kuwa ni kukaa bure, na njo hapo makosa yanaanzia. Mwangalie kijana anayesukuma kinga yenye magunia mawili ya mahindi toka kijijini mpaka sokoni. Kwenye mteremko hapigani na uzito. Anauachia kidogo, anauzuia kidogo, anaweka kisigino, anaegemeza bega. Akisema ausimamishe kwa nguvu, ataanguka yeye na bunga ya watu. Akiachilia mikono kabisa, ataanguka vilevile. Kijana huyo hajasikia jina la Laozi, lakini wu wei anaijua kwa mabega yake.

Mfano wa mzee mwenyewe unaorudi mara nyingi ni maji. Maji ni laini, hayana umbo lao, yanashuka mahali pa chini ambapo watu hawapendi kukaa, na hata hivyo yanakula jiwe. Sisi tulio wa Lufira hatuhitaji kuelezwa sana. Aliyesimama Kiubo, pale mto mzima unapojitupa chini kwa kishindo, ameona vile maji yalivyoufanyia ule mwamba. Kuko na hadithi nyingine, ya Zhuangzi, mwalimu wa njia ileile aliyekuja nyuma ya Laozi. Confucius, mwenye hekima mkubwa wa China, alifika kwenye maporomoko makali ambamo hata samaki hawapiti. Akaona mtu ndani ya povu. Akadhani ni mtu mwenye matatizo aliyetaka kujiua, akawatuma wanafunzi wake wakamwokoe. Kumbe yule mtu alitokea mbele kidogo, nywele zimeshuka, akiimba. Walipomuuliza dawa yake ni nini, alijibu kama hana dawa: alizaliwa mahali pale, alikulia ndani ya maji, anaingia pamoja na kizingia na anatoka pamoja nacho, hayapangii maji njia yake.

Hadithi hii tunaipenda. Lakini inapashwa tuseme pia jinsi inavyotumiwa vibaya, kwani hapo njo kiini cha maandiko haya.

Kiswahili chenyewe kina methali zinazoonekana kama zimetoka mdomoni mwa Laozi. Maji hufuata mkondo. Mwenye nguvu mpishe. Ni maneno ya akili, na yameokoa wengi. Ila angalia ni nani anamwambia nani. Mu 2003 na 2004, Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Mpango ulipewa jina la kuondoka kwa hiari. Hiari! Mtu amekaa miezi na miezi bila mshahara, posho ya bunga imekatika, watoto wamefukuzwa shuleni, halafu anawekewa karatasi mbele yake na hesabu ya franga na kuambiwa kuchagua. Baba zetu na shemeji zetu walitia sahihi. Kwa miaka mingi walikuwa wamesikia kama kampuni njo baba, njo mama. Sasa wakaambiwa dunia imebadilika, mujitegemee, mutafute maisha. Wengine walikwenda kulima kandokando ya mji, wengine wakawa bakrezere kwenye mashimo ya shaba na kobalti pamoja na watoto wao. Kumwambia mtu huyo "uwe kama maji" ni kumcheka.

Na Mitwaba kwenyewe? Toka 2002 vita ya Mai-Mai na jeshi ilivunja vijiji vyetu, mpaka watu wakaita sehemu kati ya Mitwaba, Manono na Pweto pembetatu ya kifo. Mwisho wa 2005 jeshi lilipoanza kuwasaka Mai-Mai, watu zaidi ya 100,000 wa katikati ya Katanga walikuwa wameacha nyumba zao. Walijaa Mitwaba, walijaa Dubie, wengine walikimbilia ziwani Upemba wakakaa juu ya visiwa vya majani. Mu mwezi wa 5 wa 2006, Gédéon Kyungu Mutanga alijitoa mikononi mwa MONUC pale pale Mitwaba, watu wakaanza kurudi mashambani. Mu 2012 na 2013 moto ukawaka upya, wakakimbia tena. Wengi wa majirani tunaokaa nao leo mu Lubumbashi walikuja namna hiyo, na wengine hawakurudi. Watu hao waliipisha nguvu. Walifuata mkondo. Je, tuseme kama walikuwa wanafunzi wazuri wa Laozi?

Jibu letu ni hapana, na tunataka kueleza juu ya nini.

Tuangalie tena mto wetu. Lufira haiteremki toka juu mpaka kwetu vile ilivyokuwa zamani za bankambo. Karibu na Likasi, pale Mwadingusha, kampuni ya Union Minière ilijenga ukuta wa kuzuia maji juu ya kupata umeme wa viwanda. Kufika 1930 mashine zilikuwa zinazunguka. Nyuma ya ukuta bonde likageuka ziwa, ziwa Tshangalele. Leo mtoto anazaliwa kando ya ziwa hilo, anavua samaki humo, anaona kama Mungu aliliweka pale siku ya uumbaji. Hapana. Ni uamuzi wa watu, wenye jina na wenye faida. Na maji yanayofika chini yanapita penye watu walijenga.

Hivi njo ilivyo na mabadiliko yanayotupata. Kuko yale yanayotoka kwenye njia yenyewe: uzee, kifo, mvua kuchelewa, mtoto wa kike kuolewa mbali, lugha ya wajukuu kuchanganyika. Kwa haya, hekima ya maji ni dawa ya kweli, na mwenye kupigana nayo anajichosha na kuchosha nyumba yake. Lakini kuko pia yale ambayo mtu fulani ameyafanya, kwa uamuzi na kwa faida, kisha anakuambia ni mkondo. Kampuni iliyokuacha siyo mvua. Vita siyo masika. Hata parki ya Upemba, tunayoipenda na tunayotaka ilindwe, haikuota yenyewe. Iliandikwa kwa amri mwaka 1939, na wawindaji wetu waliamka siku moja wakakuta ardhi ya wazee wao imekuwa marufuku. Kabla ya kufuata maji, inapashwa kupanda juu na kuangalia kama kuko ukuta, na ni nani anashika funguo yake.

Wengine watasema tunamgeuza Laozi kuwa mwanasiasa. Tunajibu: wasome kitabu. Sehemu kubwa ya Daodejing inawaelekea wenye kutawala. Mzee anawaonya wakubwa kama watu wanashinda njaa sababu kodi ni nyingi, kama vita inaacha miiba pale jeshi lilipopita, kama mkubwa wa kweli anajiweka chini ya watu wake sawa na bahari inavyokaa chini ya mito. Ile kushuka chini kwa maji, ambako sisi tunawahubiri wajane na wakimbizi, kwanza kabisa aliwahubiri wafalme. Aliyeko chini tayari, utamwambia ashuke wapi tena? Huyo mwenye cheo, mwenye bunduki, mwenye ofisi, ndiye inamfaa ajifunze kulegea. Tumekuwa tukisoma barua iliyoandikiwa mtu mwingine, na mwenyewe hajaifungua.

Lakini hatutaki kusema kama kwa mdogo hakuna kitu ndani ya hekima hii. Kiko, na bankambo walikijua.

Wengi wetu tumelelewa na hadithi ya Kalala Ilunga, hata wale ambao nyumbani ni Bazela ao Balomotwa. Mjomba wake, mfalme Nkongolo Mwamba, mtu mkali, alichoka kuona kijana anapendwa. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akatandika mikeka juu, akamwita mpwa wake aje kucheza ngoma mbele ya watu. Kwa vile tunavyosimuliwa, mpiga ngoma alikuwa anajua siri, akaipigisha ngoma namna ya kumwonya. Kalala Ilunga akacheza. Hakukataa kucheza, hakupiga kelele kama ameonewa. Alicheza huku anasikiliza, akatambua kama chini pako wazi, akaruka, akakimbia mpaka akavuka maji, kwa baba yake Mbidi Kiluwe. Nyuma yake alirudi na jeshi, na ufalme wa Baluba ukaanza.

Hapa kuna vitu vya kuangaliwa polepole. Kijana alilegea, ndiyo, sawa na yule mwogeleaji wa Zhuangzi. Ila kulegea kwake kulikuwa na masikio. Mwogeleaji alijua maji toka utoto. Kalala Ilunga alijua lugha ya ngoma. Asiyejua maji akijitupa Kiubo, hatuna hadithi ya kusimulia, tuna kilio. Tena, Kalala Ilunga hakuokoka peke yake. Palikuwa mpiga ngoma, mtu mdogo, aliyekaa upande wa mfalme na akahatarisha shingo yake. Mafundisho ya Wachina, vile sisi tunavyoyaona, yanamtazama sana mtu mmoja na utulivu wake. Juu ya mpiga ngoma yanasema kidogo. Wakati wa vita ya Mitwaba waliookoka ni wale walioambiwa usiku na jirani: msilale hapa. Hatusahau hayo.

Tena alirudi. Maji yanayozunguka jiwe hayajaliachia jiwe ushindi. Mwenye nguvu umpishe leo. Methali haikusema umpishe siku zote.

Sasa tushuke nyumbani, kwani maandiko haya ni ya desturi, na vita ya desturi inapiganwa ndani ya parsele zetu kila wiki. Wazee wanasema vijana wanaharibu. Vijana wanasema wazee wamekwama. Kila upande unaona kama desturi ni kitu kigumu, cha kushikwa chote ao cha kutupwa chote. Lakini desturi yetu wenyewe haikuwa hivyo. Mfalme wa Baluba alipokufa, mrithi hakuingia kukaa mu makao yake. Makao ya marehemu yaligeuka kitenta, pahali pa roho yake, na mwanamke anayeitwa Mwadi aliketi pale akiibeba ile roho. Watu walimheshimu, walimletea zawadi, walimwendea kwa shauri. Mfalme mpya alikwenda kujenga mji wake kwingine, juu ya ardhi ambayo haijazoea miguu ya mtu. Hakuna aliyesema kama anaasi. Zamani zilibaki na kiti chao, na maisha yakahama. Hivyo hivyo na lukasa, ule ubao wa Bambudye wenye shanga na makombe, unaoshikwa kwa mkono wa kushoto huku kidole cha kuume kinaupapasa: ubao ni mmoja, lakini masimulizi yalitegemea siku, pahali na watu waliokaa kusikiliza. Wazee waliupanga ukumbusho wenyewe upate nafasi ya kugeuka.

Laozi ana mfano wa chungu ambao unatusaidia hapa. Udongo njo unafanya chungu, lakini tunachotumia ni ule uwazi wa ndani. Mama zetu wafinyanzi watacheka, watasema hilo nani hajui. Basi tuupeleke kwenye desturi. Kila desturi ina udongo na ina uwazi, yaani namna yake ya nje na kile inachobeba.

Tuchukue mambo ya mjane. Zamani mtu akifa, ndugu wa marehemu walishika nyumba, shamba na vyombo, na walimshika pia mjane na watoto: kuwalisha, kuwalimia, kuwaozesha. Kilichobebwa mle ndani kilikuwa hiki, kwamba kifo cha mtu mmoja kisiwe njaa ya watu sita. Leo mu Lubumbashi tunaona nini? Kilio hakijaisha, bache bado inafungwa juu ya viti, na tayari baba mdogo anauliza karatasi za parsele ziko wapi. Televisheni inatoka, friji inatoka. Mjane anarudishwa kwa wazazi wake na mabegi mawili. Ukiuliza, jibu ni moja: njo desturi. Hapana, wazee. Hapo udongo umeshikwa na uwazi umezibwa. Mali imechukuliwa, mzigo umeachwa barabarani.

Upande wa pili tuna Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inayowaweka watoto mbele katika urithi na kumpa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba. Wengi wetu tuliichukia kama kitu cha wazungu na cha Kinshasa. Tukiipima kwa chungu, tunakuta inabeba kilekile bankambo walichobeba, kwa udongo mwingine. Hapa kufuata maji ni kuikubali sheria hiyo bila aibu, na kumwachia baba mdogo nafasi yake ya kweli, ambayo ni kukaa na watoto, kuwaambia baba yao alitoka kijiji gani, kuwafundisha majina. Kazi hiyo hakuna tribinali itamfanyia.

Tunajua ni vigumu. Baba mdogo huyo pengine ni yule aliyetoka Gécamines na karatasi ya hiari, ao ni yule aliyekimbia Mitwaba mara mbili na kupoteza shamba mara mbili. Anashika friji ya kaka yake kwa mikono ya mtu aliyenyang'anywa. Hatumpi haki, lakini kikao cha familia kinachomhukumu bila kuuliza atakula nini mwezi kesho, hicho nacho kinalazimisha, na kinachoshikwa kwa kulazimishwa kitarudi usiku kupitia dirishani. Tumeona vikao vilivyofaulu. Vilichukua siku nyingi, watu walikula bukari pamoja kabla ya kusema neno la mali, na mkubwa wa familia alizungumza wa mwisho. Mjane alibaki ndani ya nyumba, chumba kimoja cha nje akapewa shemeji apangishe kwa mwaka mmoja. Mwanasheria angecheka. Mzee wa China, tunadhani, angeelewa.

Mzee mmoja wetu, tulipomsomea maandiko haya, aliuliza kwa nini tunakwenda kuazima akili mbali, mpaka China, wakati yetu tunayo. Tulimkumbusha kama Mbidi Kiluwe naye alikuwa mgeni. Alitoka mashariki, mwindaji na upinde wake, na kabla hajafika, tunavyosimuliwa, mfalme wa nchi alikuwa akila mbele ya watu wote, mdomo wazi.